Mume na Mke Mbele ya Kodi ya Mapato: Kila Mmoja kwa Jina Lake

Katika kaya nyingi za Mishamo fedha huingia kwa njia zaidi ya moja. Mume huweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi na mke akawa na cherehani barazani. Kwingine mume analima tumbaku na mahindi, ilhali mke anauza vitenge na sabuni sokoni. Fedha hizo zote huingia nyumba moja, hununua unga uleule na kulipia mahitaji ya watoto walewale. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba hata kodi ya mapato ni ya nyumba nzima, kwamba baba mwenye nyumba ndiye mlipakodi wa familia, na kwamba mtu mwenye ndoa na watoto hukatwa kodi kidogo kuliko kapera. Imani hizo tatu si sahihi, na kila moja inaweza kuipotezea kaya fedha.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, ambayo ilianza kutumika Julai 2004 na ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), humtoza mtu, haiitozi nyumba. Mume na mke hukadiriwa kila mmoja peke yake, kwa mapato yake mwenyewe na kwa Namba yake ya Utambulisho wa Mlipakodi, ile ambayo wengi huiita TIN. Hakuna ritani ya pamoja ya wanandoa. Hakuna sehemu ya kuandika idadi ya watoto ili kodi ipungue. Haijalishi kama ndoa ilifungwa kanisani, msikitini, mbele ya Mkuu wa Wilaya au kwa mila za wazee. Mwanamume mwenye wake wawili hutozwa kama mwenye mmoja, na kila mke hutozwa kwa kile anachokipata yeye. Hata wale walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, ambao kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwadhania kuwa mume na mke, hawapati wala hawapotezi lolote katika kodi ya mapato kwa dhana hiyo.

Yafaa kusema mapema, basi, kwamba mtu yeyote anayepita mitaani au vijijini akiomba cheti cha ndoa na “fedha kidogo ya kufuatilia” ili awapatie wanandoa punguzo la kodi, anauza kitu ambacho hakipo.

Imani hiyo imetoka wapi

Imani kwamba kodi ni ya nyumba haikuzuka bure. Utawala wa Kijerumani ulipoanza kukusanya kodi ya nyumba mwaka 1898, kilichohesabiwa kilikuwa nyumba yenyewe, na mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alijikuta akidaiwa kwa nyumba zote tatu. Waingereza waliendeleza utaratibu wa kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria yao ya mwaka 1922. Kodi ya mapato yenyewe iliingia Tanganyika mwaka 1940, na sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki iliyofuata baadaye, ile ya mwaka 1958, iliyahesabu mapato ya mke aishiye na mumewe kuwa ni mapato ya mume, huku ikimpa mume huyo unafuu kwa ajili ya mke na watoto. Wazee wengi pia wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ambayo mtendaji aliifuata mlangoni. Si ajabu kwamba hata leo neno kodi likitajwa, macho ya nyumba nzima humgeukia baba.

Tena, habari za nchi nyingine huwafikia watu kwa redio na simu, na si kila msikilizaji hutenganisha sheria ya huku na ya kule. Nchini Kenya kila mfanyakazi mkaazi hupata unafuu binafsi wa shilingi 2,400 za nchi hiyo kwa mwezi, na wapo wanaodhani kuwa ni unafuu wa ndoa. Sivyo, kapera naye huupata. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2015, mwenzi mwenye kipato kidogo anaweza kumhamishia mwenzake sehemu ya kiwango chake kisichotozwa kodi. Ufaransa huihesabu familia kama kitu kimoja na kuyagawa mapato yake kwa kufuata idadi ya wanafamilia. Tanzania haifuati utaratibu wowote kati ya hiyo.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Punguzo la kodi, kama lile la Kenya, hutolewa baada ya kodi kukwisha kukokotolewa: kodi ikifika shilingi 10,000 na punguzo likiwa 2,400, mtu hulipa 7,600. Kiwango kisichotozwa kodi hufanya kazi mwanzoni kabisa: sehemu ya kwanza ya mapato huachwa bila kuguswa, kisha kodi huanzia juu yake. Tanzania imechagua njia hii ya pili. Mahali pekee ambapo mlipakodi wa kawaida atakutana na kitu kinachofanana na punguzo ni pale kodi aliyokwisha kukatwa au kuilipa kwa awamu inapoondolewa katika jumla anayodaiwa mwisho wa mwaka. Huko ni kuhesabiwa fedha yake mwenyewe. Si zawadi ya ndoa.

Hesabu ya wenye mishahara

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 na vilivyotumika katika mwaka wa fedha 2023/24, mfanyakazi hakatwi kodi kwa shilingi 270,000 za kwanza za mwezi. Kiasi kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20, kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 asilimia 25, na kinachozidi milioni moja asilimia 30. Mwajiri ndiye anayekata, kwa utaratibu wa Lipa Kadiri Unavyopata, baada ya kuondoa kwanza mchango wa mfanyakazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani PSSSF au NSSF.

Tuchukue mume na mke ambao wote wameajiriwa. Baada ya kuondoa michango ya mfuko, mume amebakiwa na shilingi 800,000 na mke shilingi 500,000. Kodi ya mume ni shilingi 20,000 kwa ngazi ya asilimia 8, shilingi 48,000 kwa ngazi ya asilimia 20, na shilingi 10,000 kwa zile 40,000 zilizoingia katika ngazi ya asilimia 25: jumla 78,000. Kodi ya mke ni asilimia 8 ya shilingi 230,000, yaani 18,400. Nyumba nzima imelipa shilingi 96,400.

Sasa tuseme sheria ingewaunganisha, kama ilivyokuwa zamani, na kuzihesabu shilingi 1,300,000 kuwa mapato ya mume peke yake. Kodi ingekuwa shilingi 128,000 kwa milioni ya kwanza na 90,000 kwa zile laki tatu za juu, jumla 218,000. Tofauti ni shilingi 121,600 kila mwezi, au 1,459,200 kwa mwaka. Kwa hiyo wanandoa wawili wenye kipato hawakunyimwa unafuu. Unafuu wao umo katika kutenganishwa. Kila mmoja ana shilingi 270,000 zake zisizoguswa, na kila mmoja hupanda ngazi za kodi akianzia chini.

Upande wa pili wa hesabu hiyo nao usifichwe. Ikiwa shilingi 1,300,000 zote ni mshahara wa mtu mmoja, na mwenzake yuko nyumbani akilea watoto na kulima chakula, kaya hulipa zile 218,000. Kiwango kisichotozwa cha yule asiye na mshahara hakihamishiki kwenda kwa mwenzake, na mwaka ukiisha kimeishia hapo. Kaya mbili zenye fedha sawa hulipa kodi tofauti kabisa kwa sababu tu fedha ya moja imekuja kwa mikono miwili na ya nyingine kwa mkono mmoja. Hilo ni jambo ambalo Bunge linaweza kulitazama. Mtendaji wa kata, mwajiri au ofisa wa TRA hana mamlaka ya kulibadili.

Kama kiwango hicho hakikopeshwi kwa mwenzi, hakiongezwi pia kwa ajira ya pili. Mtumishi anayefanya kazi kwa waajiri wawili hupewa ngazi hizi kwa ajira yake kuu tu. Mwajiri wa pili hukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza.

Biashara imeandikwa kwa jina la nani?

Kwa wakazi wengi wa kata za Mishamo, Bulamata, Ilangu na jirani zake, swali la mishahara ni la majirani wachache. Swali lao ni la duka, cherehani, mashine ya kusaga na mazao. Hapa ndipo jina linapokuwa na uzito mkubwa zaidi, na ndipo kaya nyingi hujiumiza zenyewe bila kujua.

Mtu binafsi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara ndogo hapa nchini, na ambaye mauzo yake hayafiki kiwango cha kutakiwa kuandaa mahesabu kamili, hutozwa kwa utaratibu rahisi unaofuata mauzo ghafi ya mwaka. Katika jedwali la mwaka 2023/24, mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 hayatozwi kodi ya mapato. Yanayozidi hapo hadi 7,000,000 hutozwa shilingi 100,000 kwa asiyetunza kumbukumbu. Anayetunza hutozwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni nne. Yanayozidi 7,000,000 hadi 11,000,000 hutozwa shilingi 250,000 kwa asiye na kumbukumbu, au shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni saba kwa mwenye nazo. Juu ya hapo viko viwango vingine, ambavyo mwenye mauzo makubwa ataelezwa na TRA.

Fikiria kaya ambayo mume ana duka linalouza bidhaa za shilingi 6,000,000 kwa mwaka, na mke anashona nguo na kupata mauzo ya shilingi 3,800,000. Mume akitunza daftari la mauzo, kodi ya duka ni asilimia 3 ya milioni mbili, yaani shilingi 60,000. Mke yuko chini ya milioni nne. Hadaiwi kodi ya mapato. Nyumba inalipa 60,000. Lakini kama ushonaji nao umeingizwa katika TIN ya mume, kwa mazoea tu kwamba baba ndiye anayekwenda mjini, mauzo yanasomeka kuwa 9,800,000. Kodi inakuwa shilingi 90,000 na 84,000 juu yake, jumla 174,000, tena kwa mwenye kumbukumbu. Asiye na daftari atalipa 250,000. Hakuna sindano wala pazia la dirishani lililoongezeka katika nyumba hiyo. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa kwenye fomu.

Hali huwa nzito zaidi pale mwenye jina anapokuwa na mshahara. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo ni wa yule ambaye mapato yake ni ya biashara pekee. Mwalimu au mhudumu wa afya mwenye duka hawezi kuutumia. Faida ya duka huunganishwa na mshahara wake na hutozwa kwa ngazi ya juu aliyoifikia, tena anawajibika kuwasilisha ritani ya kodi kila mwaka. Turudi kwa yule mume mwenye shilingi 800,000 zinazotozwa kodi kwa mwezi, ila safari hii mkewe si mwajiriwa, ni fundi cherehani. Ikiwa ushonaji wa mke, wenye faida ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka, umeandikwa kwa jina la mume, faida hiyo inaanguka yote katika ngazi ya asilimia 25. Kodi yake ni shilingi 375,000. Ushonaji huohuo, kwa jina la mke ambaye ndiye anayeufanya na ambaye hana mapato mengine, ukiwa na mauzo ya 3,800,000, haudaiwi kodi ya mapato.

Jambo hili laweza kumshawishi mtu kulitumia kinyume, naye ataambiwa na jirani kwamba ni ujanja tu. Mwenye duka la mauzo ya milioni kumi asidhani kwamba akikata TIN ya mke na kuligawa duka kwa karatasi, huku rafu ni zilezile, fedha ni zilezile na mwenye kuagiza mzigo ni yeye yule, basi amepona. Sheria ina kifungu dhidi ya kugawanya mapato kati ya watu wenye uhusiano kwa lengo la kupunguza kodi, na Kamishna Mkuu wa TRA amepewa uwezo wa kuyarudisha mapato hayo kwa mwenyewe na kudai kilichopungua. Kipimo ni ukweli wa mambo: nani alitoa mtaji, nani anaendesha, nani anaamua bei, fedha inaingia kwa nani. Mke anayeendesha biashara yake ana haki ya kuiandikisha kwa jina lake. Mke ambaye jina lake limeazimwa tu amewekwa katika hatari, kwa kuwa deni likija litakuja na jina hilo.

Ikiwa biashara ni ya wote wawili kweli, wakishirikiana mtaji na kazi, wanaweza kuiandikisha kama ubia. Faida hugawanywa kati yao na kila mmoja hutozwa kwa fungu lake. Ila ubia hauingii katika jedwali la wafanyabiashara wadogo lililotajwa hapo juu, kwa kuwa jedwali hilo ni la mtu mmoja mmoja. Ubia una wajibu wa kuandaa mahesabu na kuwasilisha ritani. Kwa genge la nyanya si njia ya kuikimbilia. Kwa wenye mashine ya kukoboa na lori moja la mazao yafaa kuizungumza na TRA kabla ya kuanza.

Kuhusu wakulima: mapato ya kilimo nayo ni mapato ya biashara mbele ya sheria hii, na mauzo ya mkulima mmoja mmoja hupimwa kwa vipimo vilevile. Ushuru wa mazao unaokatwa na Halmashauri mazao yanapouzwa ni kitu kingine kabisa. Stakabadhi ya ushuru haithibitishi kuwa mtu amelipa kodi ya mapato, wala cheti cha TRA hakimwondolei mtu ushuru.

Ndoa ikivunjika, au mmoja akifariki

Hadi hapa jina limezungumzwa kama jambo la kupunguza au kuongeza makato. Lakini uzito wake huonekana zaidi siku ambayo mambo ya nyumba yamebadilika.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali, na kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake kama mwanamume. Inasema pia, katika kifungu cha 60, kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mwenzi mmoja itadhaniwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na uamuzi huo umewasaidia wanawake wengi. Hata hivyo mwenye kwenda mahakamani na leseni, TIN na risiti za miaka mitano zenye jina lake ana kazi nyepesi kuliko mwenye kuomba aaminiwe kwa maneno. Na pale mali inapogawanywa kwa sababu ya talaka au makubaliano halali ya kutengana, sheria ya kodi imeweka nafasi kwa mwenzi anayepokea mali kuomba kwa maandishi kwamba uhamisho huo usitozwe kodi ya faida kana kwamba ni mauzo. Ombi hilo ni lazima lifanyike, halijitokezi lenyewe.

Kifo nacho. TIN ya marehemu hairithiwi. Mjane anayeendelea kuuza dukani kwa TIN na leseni ya marehemu mumewe, hata kama duka amelijenga yeye, anafanya biashara kwa jina la mtu asiyekuwepo. Madeni ya kodi ya marehemu hushughulikiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kutoka katika mali ya marehemu. Mjane hadaiwi binafsi kwa sababu tu alikuwa mke, kama vile mume hadaiwi kodi ya mkewe. Lakini biashara yote ikiwa imeandikwa kwa jina la marehemu, yote inaingia katika mirathi, na ndugu wa mume watakuwa na la kusema juu ya kila gunia. Cherehani iliyokuwa na jina la mke tangu mwanzo haina sababu ya kuingia humo.

Kupata TIN ukiwa Mishamo

TIN hutolewa bila malipo. Mwombaji huhitaji namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, na hapa Mishamo ina jambo lake la pekee. Sehemu kubwa ya wakazi ni familia zilizotoka Burundi kufuatia machafuko ya mwaka 1972, zikakaa katika makazi haya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nyingi zikapokea vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Jina lililo katika cheti cha uraia ndilo linalopaswa kuonekana NIDA, na la NIDA ndilo litakaloingia katika TIN, kisha katika leseni. Mwanamke ambaye cheti kina jina la baba yake, ilhali sokoni na benki anajulikana kwa jina la mume, afanye marekebisho NIDA kabla ya kuomba TIN. Kurekebisha sehemu moja ni rahisi kuliko kurekebisha nne.

Asiye raia naye asidhani kuwa sheria hii haimgusi. Kodi ya mapato hufuata ukaazi na mahali mapato yanapopatikana, haifuati uraia. Aliyekuwepo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa mkaazi kwa mambo ya kodi na hutumia ngazi zilezile.

Maombi ya TIN hupokelewa katika ofisi ya TRA mjini Mpanda na kwa njia ya mtandao. Baada ya kuipata, mwenye biashara huenda kwa Ofisa Biashara wa Halmashauri kwa ajili ya leseni, akiwa na TIN na cheti cha kutodaiwa kodi, vyote kwa jina lake. Kaya inayotaka kutenganisha biashara zilizokuwa chini ya TIN moja ifike TRA na daftari la mauzo la kila biashara na maelezo ya nani anaiendesha, ili makadirio ya yule wa kwanza yapunguzwe tangu mwaka unaofuata. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Makadirio hufanyika kabla ya tarehe 31 Machi, na malipo hugawanywa kwa awamu nne zinazoishia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mwenye kupaswa kuwasilisha ritani, kama yule mwalimu mwenye duka, huiwasilisha kabla ya 30 Juni ya mwaka unaofuata. Mwajiriwa asiye na mapato mengine haitajiki kufanya hivyo, kwa kuwa mwajiri amekwisha kumaliza kazi hiyo.

Malipo ya kodi hufanyika benki au kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na TRA kwa jina la mlipakodi husika. Kabla ya kulipa, mume asome jina lililo kwenye namba hiyo, na mke asome lake.